Mjane wa Yesaya Hana Kibali

Kamsamba,
12 Januari 2025

Mdogo wangu Jofrey,

Bwana asifiwe. Huku bondeni tuko hai, joto tu ndilo linalotupika. Miche ya mpunga imeshaingia majarubani, mvua imekubali, na shemeji yako Wiliam amepona mguu na ameanza tena kuwafokea ng'ombe kana kwamba wao ndio waliomwangusha. Mimi presha yangu ipo palepale, tumezoeana. Fortunata hajambo? Watoto wamerudi shule?

Hongera kwa uenyekiti wa mtaa. Nilipopata habari nilikupigia, simu ikakatwa. Nikasema ni mtandao, maana mtandao wa Kamsamba huja na kuondoka kwa hiari yake. Nikaazima simu ya jirani, ukapokea vizuri na sauti ya kiongozi, uliposikia ni mimi ukakata. Basi nikajua nimefungiwa. Sawa. Karatasi haifungiwi. Hii anakuletea Ramadhan, dereva wa lori la mchele, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka aone umeifungua.

Neno lenyewe ni Ruti. Sina haja ya kukueleza Ruti ni nani, lakini kwa kuwa cheo husahaulisha, nakukumbusha. Ni mke wa kaka yetu Yesaya, Mungu amrehemu. Alitoka kwao Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1996 na wewe mwenyewe uliwaswaga ng'ombe wa mahari kuwavusha, ukarudi na miiba ya miguu na hadithi za kututosha mwezi mzima. Tangu Yesaya atutoke mwaka juzi anakaa palepale Hasamba, shambani kwa baba, peke yake na mikahawa yake, kwani hakujaliwa mtoto.

Kabla ya Krismasi watu wa Uhamiaji walifika Hasamba. Hawakupita nyumba hadi nyumba. Walikuja moja kwa moja mlangoni kwake, wakamwita kwa jina lake lote, wakamwomba kibali cha ukaaji. Hana. Wakampa karatasi kwamba aripoti ofisini kwao Vwawa kabla Machi haijaisha.

Nauliza tu, Jofrey, kwa wema. Nani aliwapa hilo jina lote? Pale kijijini wengi wanamwita mama Kahawa.

Dada yako,
Felista


Tunduma,
2 Februari 2025

Dada Felista,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Fortunata anakusalimia, watoto wako shule. Hapa mjini malori yamefunga barabara toka forodhani hadi huku kwetu, madereva wanalala chini ya matela, na kila kukicha wananchi wanaleta malalamiko kwangu kana kwamba mimi ndiye ninayegonga mihuri.

Nimepokea barua yako na nimeifungua mbele ya dereva wako kama ulivyoagiza. Kumtuma mtu anisimamie kama mtoto hakukuwa kwa lazima.

Kuhusu Ruti, naomba tuzungumze kama watu wazima. Nchi hii ina Sheria ya Uhamiaji. Haichagui mjane wala bikira. Mtu asiye raia anayeishi humu bila kibali yupo kinyume cha sheria, iwe ameingia jana na wale wanaofichwa kwenye malori ya mbao au ameingia mwaka 1996 na ngoma na vigelegele. Sisi viongozi wa mitaa tumeagizwa kuwatambua wageni katika maeneo yetu. Jumamosi iliyopita nimesimama mbele ya wananchi nikawaambia, fichueni, msiogope. Sasa niambie, nitasimamaje tena hapo wakati kwenye shamba la baba yangu anakaa mmoja?

Nimefuatilia mpaka kwa mwanasheria. Sheria ya Uraia inasema mwanamke aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Akiwa hai, dada. Yesaya alikuwa na miaka yote ile. Angejaza fomu tu. Hakujaza, amekufa, na mlango umefungwa nyuma yake. Si mimi niliyeufunga.

Pia ardhi. Mtu asiye raia hamiliki ardhi nchi hii. Baba hakupanda mikahawa ile ili iende ng'ambo.

Hayo ndiyo majibu yangu. Nani alitaja jina si muhimu.

Mdogo wako,
Jofrey


Kamsamba,
23 Februari 2025

Jofrey,

Marahaba. Kwetu wazima, mto umejaa na Ramadhan anasema hii huenda ndiyo safari yake ya mwisho mpaka maji yapungue. Wiliam anasalimia. Ameniomba nisiandike kwa hasira, nami nimemwahidi, kwa hiyo anayeandika si mimi, ni hasira yenyewe.

"Si muhimu." Umejibu vizuri sana. Mtu ambaye hakutaja angesema hakutaja.

Unauliza kwa nini Yesaya hakujaza fomu. Nitakueleza, maana wewe ulikuwa umeshahamia mjini na kuanza kuvaa saa. Nilimwuliza mwenyewe, mwaka ule walipokuja kuandikisha vitambulisho vya taifa. Aliniangalia kama niliyechanganyikiwa. Akasema, "Dada, ng'ombe walivuka. Ng'ombe wakivuka, mtu amevuka. Nikaombe tena kwa serikali mke niliyemwomba kwa baba yake?" Hivyo ndivyo alivyojua yeye na hivyo ndivyo alivyojua baba, na hakuna mzee hata mmoja Hasamba ambaye angesema vinginevyo. Alikosea. Nakubali alikosea. Lakini kosa lake ni la mtu anayeheshimu ukoo, na lako sijui niliite nini.

Sasa tuache sheria kidogo, tuongee habari ya koti.

Siku ya kuanua matanga ya Yesaya ulifika Hasamba peke yako. Fortunata ulimwacha Tunduma ukamwambia ni maombi tu. Ulikuwa na koti jipya la rangi ya kahawia, na jua lilikuwa linawaka, na hukulivua. Baba mdogo Raphaeli akasimama akamwuliza mjane kama desturi inavyotaka, "Mwanamke, umebaki kwa nani?" Sote tulijua swali lile limeelekezwa wapi. Shemeji aliye hai ni mmoja. Ulishakaa mguu sawa, umeinua kidevu.

Ruti akajibu, "Nimebaki kwa kahawa yangu."

Watu walicheka, Jofrey. Hata Raphaeli alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikashika mbavu, na sijutii. Kanisa limeshakataza kurithi wajane, una mke wa ndoa, na ulikuwa unatokwa jasho ndani ya lile koti kama uliyetoka kisimani.

Basi niambie ukweli. Unaokuuma ni mpaka wa nchi, au ni kile kicheko?

Felista


Tunduma,
5 Aprili 2025

Dada Felista,

Barua yako ya Februari imenifikia juzi. Mto ulikuwa umekata barabara, nami nilikuwa nafurahia. Hapa ni wazima.

Usinitajie koti. Usimtajie Fortunata koti. Nililivaa kwa heshima ya marehemu. Mimi ni mwanamume wa pekee aliyebaki katika nyumba ya baba na nilikwenda pale kusimama mahali pangu, kama ambavyo mmenifundisha nyinyi wenyewe tangu utoto. Kama mahali hapo siku hizi ni pa kuchekewa, mngenitumia habari mapema. Mwanamke aliyekuja kwetu na sanduku moja alinidhalilisha mbele ya ukoo wangu, juu ya udongo wa baba yangu, na dada yangu wa tumbo moja akashika mbavu. Nimeyameza. Lakini usinipangie jinsi ya kusaga nilichomeza.

Turudi kwenye hoja. Machi imekwisha. Ruti hakuripoti Vwawa. Maafisa wamefika Hasamba wamekuta nyumba imefungwa, kuku wamepewa jirani, na hakuna anayejua kitu. Kijiji kizima ghafla kimekuwa kipofu na kiziwi. Kwao Nakonde hayupo, nimehakikisha. Nina watu kule.

Sasa nakuuliza wewe, kwa wema, kama ulivyoniuliza. Yuko wapi?

Nakueleza pia kwa faida yako kwamba kumhifadhi mtu asiye na kibali ni kosa. Si kosa la kuombwa radhi kanisani. Mwenye nyumba hushtakiwa. Wiliam ni mzee na mguu wake huo, mahabusu hapamfai. Tafakari.

Jofrey


Kamsamba,
27 Aprili 2025

Jofrey,

Shikamoo yako sikuiona safari hii. Labda ilianguka mtoni.

Sisi wazima. Mpunga umeanza kugeuka rangi na ndege wametuvamia, tunashinda shambani na makopo. Mwaka huu sina shida ya mikono. Nimepata msaada. Nyumba inanukia vizuri pia, tunakula mboga za majani zilizotiwa karanga kila siku mpaka Wiliam amenenepa, unajua zinavyopikwa na watu wanaojua.

Ruti sijamwona. Umeuliza, nimekujibu. Andika kwenye kumbukumbu zako.

Hilo la Wiliam na mahabusu nimemsomea mwenyewe. Akasema, "Mwambie shemeji nilimpokea kwangu miaka miwili akisoma, na sikumwomba kibali." Akarudi kwa ng'ombe wake.

Sasa nisikilize, maana haya nilikuwa sitaki kuyaandika. Umewaambia wananchi wako wafichue. Na mimi ni mwananchi. Wewe ulizaliwa wapi, mheshimiwa mwenyekiti?

Kitambulisho chako kimeandikwa Hasamba. Mimi nakumbuka vingine. Mama alipokuwa na mimba yako na siku zimekaribia, alivuka kwenda kwa mama yake, kama ilivyo desturi, kwa kuwa hakuna mwanamke wa ukoo wake aliyejifungulia ukweni. Ulizaliwa ng'ambo, Nakonde, ndani ya nyumba ya bibi yetu Enesi, na aliyekukata kitovu ni mama mzaa Ruti. Ndiyo, huyohuyo. Nyumba zao zilitazamana. Mimi ndiye niliyekurudisha huku mgongoni, ukanikojolea njia nzima, na hakuna aliyetuuliza tunatoka wapi.

Nakupa mpaka mwisho wa Mei. Nenda Vwawa ukaseme ukoo hauna pingamizi. Ruti mwenyewe atakwenda kuomba kibali, na nasikia wakiona ukoo wa mume umesimama naye wanampa nafasi ya kuomba. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na nikiulizwa juu ya mlalamikaji nitajibu.

Felista


Tunduma,
10 Mei 2025

Felista,

Umeandika "kama ilivyo desturi".

Desturi ya mimba moja tu? Mama alivuka kwa ajili yangu, mtoto wa tatu, lakini kwa kifungua mimba wake alikaa Hasamba akajifungua peke yake kwenye mikahawa? Nakuuliza wewe, maana ndiwe uliyetangulia.

Na wewe ulizaliwa wapi, mama wa Kamsamba? Kitambulisho chako kimeandikwa nini? Uliapa mbele ya nani? Wajukuu zako wameandikishwa kwa jina la nani?

Nenda Vwawa. Nenda hata kesho, nauli nitakutumia. Ukinitaja, umejitaja.

Jofrey


Kamsamba,
29 Juni 2025

Jofrey,

Sikusalimii. Hali zetu ni za watu walio hai, basi.

Sijui kama watu wako wamekwambia, lakini nataka usikie kutoka kwangu. Tulikwenda Vwawa, mimi na Ruti. Ndiyo, alikuwa kwangu, tangu Machi, alilala chumba cha wasichana na alivuna mpunga wangu wote. Mimi nilitaka akae mpaka serikali ichoke. Yeye ndiye aliyekataa. Aliniita mama kwa lugha ya kwao, "Mayi, nimechoka kujificha kila pikipiki ikipita. Mimi si mwizi." Akafua gauni lake la kanisani, tukapanda lori la Ramadhan.

Afisa aliyetupokea ni kijana mwenye adabu. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na shetani, nikampata mtu aliyenipa kiti na kuniamkia. Alimsikiliza Ruti hadi mwisho. Akaeleza kwamba uraia kwa njia ya mume haupo tena, mume amefariki. Lakini anaweza kumwandikia mapendekezo ya kibali kama ndugu wa mume wanamdhamini na hakuna mgogoro. Halafu akafungua faili na barua yako ilikuwa juu kabisa. Mwandiko wako naujua tangu unajifunza herufi.

Akasema, "Mama, pingamizi limeletwa na ndugu wa marehemu, raia, kiongozi, mzaliwa wa palepale. Hilo siwezi kulipuuza. Kama kuna shaka yoyote juu ya mlalamikaji, niambie sasa. Nitasimamisha yote mpaka nichunguze pande zote." Akashika kalamu. "Nyinyi ndugu mlizaliwa wapi?"

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Njia nzima kutoka Kamsamba nilikuwa nimeyapanga. Nikamwangalia Ruti. Alikuwa anajiangalia viganja.

Nikasema, "Hasamba. Wote watatu."

Akaandika. Nikamsikia akiandika.

Ruti anajua, Jofrey. Amekua akihadithiwa na mama yake jinsi sisi sote watatu tulivyopokelewa katika nyumba inayotazamana na kwao. Angefungua kinywa tu, wewe ungekuwa umekwisha. Aliulizwa, "Una la kuongeza?" Akasema hana. Nimemwuliza baadaye kwa nini. Alishangaa swali langu. "Ningewataja wifi na shemeji yangu?" Basi.

Walimpa siku chache za kufunga mizigo. Walimvusha Jumanne, kwa heshima, bila pingu. Tulipita mtaani kwako na gari, bendera yako ya ofisi inapepea vizuri. Pale kwenye kizuizi cha mpaka nililia kama mtoto na yeye ndiye aliyenifuta. Aliniambia mikahawa ya upande wa juu huiva kwanza, ivunwe mapema, isisubiri ile ya chini. Akasema mwambie mulamu asikate matawi mwaka huu. Mulamu ndiye wewe, shemeji yake. Halafu akavuka, akachukuliwa na foleni ya akina mama wenye unga, sikumwona tena.

Nimekutunzia siri yako. Nimeinunua, na bei yake ni Ruti. Sitaki kuona uso wako.

Felista


Tunduma,
20 Julai 2025

Dada yangu mpendwa Felista,

Shikamoo sana dada. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na shemeji Wiliam na wajukuu wote. Sisi Mungu ametusaidia. Fortunata amekutengea vitenge viwili, atampa Ramadhan.

Nimesoma barua yako nikiwa peke yangu na sikuona aibu kutoa machozi. Maneno yako ya mwisho ni makali, lakini nimeyachukua kama ya mama. Ulipokalia kile kiti ukakumbuka sisi ni nani. Nilijua. Nilimwambia hata Fortunata kwamba dada Felista ana mdomo lakini hawezi kuuza damu yake. Yaliyopita yapite. Tulikoseana wote.

Namba yako nimeifungua. Unaweza kupiga wakati wowote.

Kahawa imezaa sana mwaka huu. Nimemweka shemeji yangu, kaka yake Fortunata, asimamie mavuno. Mikahawa ya upande wa juu ilikuwa imezeeka, nimeagiza ikatwe tupande parachichi, ndilo zao la siku hizi. Nyumba nimeifungua, nimetoa vile vyombo na nguo zake nikawagawia majirani, hazikuwa na kazi. Kaburi la Yesaya nitalijengea, nimeshaongea na fundi, liwe na vigae.

Limebaki jambo dogo. Mtendaji wa kijiji anataka muhtasari wa kikao cha ukoo unaoonyesha kwamba sisi warithi wawili tumekubaliana shamba lisimamiwe na mimi. Nimeuandaa, nimeuambatisha hapa. Pameandikwa majina yetu na mahali tulipozaliwa, ni utaratibu tu. Weka saini au dole gumba chini ya jina lako, Ramadhan arudi nao.

Na Agosti njoo Hasamba. Tuketi tena kama zamani, tule kuku. Tumebaki wawili tu, dada.

Mdogo wako akupendaye,
Jofrey


Vwawa,
11 Agosti 2025

Jofrey,

Huku niliko ni baridi, nimejifunika vile vitenge vya Fortunata, mshukuru. Nimekaa kwenye benchi la ofisi ya Uhamiaji, mbele yangu kuna watu wawili, na karatasi ninayoandikia ni ule muhtasari wako, upande wa nyuma. Saini sikuweka.

Ile barua yako ya upendo niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Ulinishukuru. Katika maisha yangu nimetukanwa na watu wengi, wakiwemo wanangu, lakini sijawahi kutukanwa kama hivyo. Kila ulichokiandika kilikuwa kinanihusu. Mikahawa ya juu umeikata wewe, shoka nimekupa mimi. Nguo za Ruti umegawa wewe, mlango nimekufungulia mimi.

Na nilikudanganya mahali pamoja. Niliandika kwamba nimekutunzia siri. Si kweli. Wewe ningekutoa siku ileile, tena kwa furaha. Nilipoulizwa tulizaliwa wapi niliona kitambulisho changu, nikaona wajukuu, nikaona watu wanakuja Kamsamba na karatasi yenye jina langu lote. Nilijificha mimi. Nilikaa kwenye kile kiti nikaogopa kama anavyoogopa mtu asiye na kibali, dakika moja tu, na kwa ile dakika moja nikamtoa mwenzangu aliyeogopa miezi sita. Halafu yeye, tuliyemwita mgeni, ndiye aliyekaa pale akatuficha sisi.

Ruti amenipigia. Amepata sehemu sokoni Nakonde, anauza karanga. Hakuuliza habari ya shamba, na mimi sikumwambia kuhusu mikahawa.

Nimemweleza Wiliam yote. Alidhani miaka yote hii ameoa Hasamba. Alicheka kwanza, halafu akaenda kunitafutia nauli. Nimekwenda pia kwa baba mdogo Raphaeli, amekubali kusema anachokijua kuhusu Bibi Enesi na nyumba yake. Yuko hapa pembeni yangu anasinzia. Na barua zako zote ninazo kwenye mkoba, pamoja na ile ya koti.

Baba alikuwa raia, kwa hiyo huenda tukapona. Mtu mmoja hapa kwenye benchi ananiambia tutapona, mwingine anasema mtu akiwa na nchi mbili anatakiwa aachane na moja, na sisi hatukuwahi kuachana na kitu chochote. Nitashtakiwa pia kwa kusema uongo ofisini. Wacha nishtakiwe. Uenyekiti wako utasimamishwa mpaka wachunguze, na suala la shamba pia, na faili la Ruti litafunguliwa upya. Huyu afisa aliniahidi hivyo kwa mdomo wake, na leo nimekuja kumdai.

Sitaki kukuficha, ndiyo maana nakuandikia kabla sijaingia. Ramadhan amesimama nje na lori, atakuletea jioni. Ukiisoma, mimi nitakuwa nimeshasema.

Wakiamua kwamba sisi si wa huku, watatuvusha palepale walipomvusha yeye. Mimi nitafikia kwa Ruti, ameshaniambia nyumba ni yangu. Wewe tafuta pa kufikia.

Wameniita.

Felista